Simu moja, watoto 68: kisa cha mwalimu wa awali anayetafuta zana mtandaoni

Darasa ni chumba kimoja cha shule ya msingi ya serikali, upande wa Igombe, Manispaa ya Ilemela, karibu na mwalo, yaani mahali mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga. Watoto walioandikishwa ni 68, wengi wana miaka mitano, na mwalimu wao ni mmoja. Viwango vya serikali vinataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Umeme umeishia ofisini kwa mwalimu mkuu. Mwalimu ana simu yenye hifadhi ya GB 32, bando la GB 1 kwa wiki analonunua kwa hela yake, na yumo kwenye kundi la WhatsApp la walimu wa awali wa kata. Darasani kuna ubao, chaki, mikeka miwili mikubwa na boksi la vizibo ambalo halijaguswa tangu muhula uanze. Shule hatuitaji, na mwalimu huyu ni wa mfano. Tumekusanya ndani ya kisa kimoja hali ambazo walimu wengi wa awali kandokando ya Ziwa Victoria watazitambua mara moja.

Andalio lake la wiki linahitaji mambo mawili. Watoto wasikilize hadithi fupi na kuisimulia tena kwa maneno yao, kisha wahesabu vitu halisi mpaka 9. Jumamosi jioni anaingia mtandaoni. Mpaka Jumapili usiku bando limeshuka kwa MB 700 hivi, simu ina mafaili 40 mapya, na Jumatatu asubuhi hakuna hata moja analoweza kuingia nalo darasani.

Uvivu haukuhusika hapa, wala mtandao haukuwa mtupu. Tukifuata hatua zake moja baada ya nyingine tunaona mahali kazi ilipoharibikia.

Alichokipata, na kwa nini hakikufaa

Alianza kwa kuandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya karatasi za kazi za chekechea, za bure. Zikaja nyingi, za rangi nzuri. Karatasi moja kwa kila mtoto kwa siku ni karatasi 340 kwa wiki ya siku tano, yaani zaidi ya nusu rimu, bila kuhesabu wino. Hata kama shule ingelipia, picha zenyewe ni mtu wa theluji, tufaha na basi la shule la njano. Zaidi ya hapo, karatasi hizo humkalisha mtoto wa miaka mitano afuatishe vidoti vya herufi kwa penseli. Katika darasa hili wapo watoto ambao penseli wameishika kwa mara ya kwanza mwaka huu. Wanachohitaji kwanza ni kufinyanga udongo, kufunga na kufungua vizibo, kuchora kwa kijiti mchangani na kupitisha uzi kwenye tundu, ili vidole vipate nguvu. Karatasi ya vidoti haimpi mtoto nguvu hiyo. Inamtaka awe nayo tayari.

Akahamia kwenye video za herufi. Hapa pana kosa ambalo halionekani haraka, na matokeo yake humfuata mtoto mpaka darasa la pili. Nyimbo za herufi za Kiingereza hufundisha majina ya herufi, "ei, bii, sii", na sauti zake hubadilika kutoka neno moja hadi jingine. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti moja isiyobadilika popote ilipo. Ndiyo maana mtoto wetu hujifunza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na akizishika silabi anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Ukimwimbisha "ei" asubuhi kisha mchana ukamwonyesha herufi hiyohiyo na kusema "a", unampa mizigo miwili kwa safari moja. Mabango yenye herufi 26 nayo yana Q na X ambazo hazimo katika abjadi ya Kiswahili, yana C peke yake wakati sisi tunayo CH, na hayagusi kabisa NY, NG', SH wala DH. Kwa shule inayofundisha kwa Kiswahili, zana ya herufi ya Kiingereza haina matumizi hata ikiwa nzuri namna gani. Ni bora kuiacha hukohuko kuliko kujaribu kuirekebisha.

Video zilimgharimu kwa njia nyingine pia. Video ya dakika tano kwa ubora wa 720p hula takriban MB 75, na kwa 360p hula MB 25 hivi. Simu yake ilikuwa imeachwa ichague ubora yenyewe, na mtandao wa jioni ile ulikuwa mzuri, kwa hiyo ikachagua wa juu. Video nane tu zilimaliza zaidi ya nusu ya bando.

Kundi la WhatsApp likamletea azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha, lililoandikwa vizuri na lenye jedwali safi, ambalo lilitayarishwa kwa mtaala uliotangulia. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 ulianza kutekelezwa Januari 2024, na darasa la awali lilikuwa miongoni mwa madarasa ya kwanza kuanza. Nyaraka za mtaala wa 2016 bado zinazunguka kwenye makundi na mara nyingine huuzwa, kwa sababu faili halina tarehe ya kuisha. Kabla ya kulihifadhi, fungua ukurasa wa kwanza na wa pili utafute mwaka wa muhtasari wa somo unaofuatwa. Usipouona, libaki kuwa chanzo cha mawazo ya michezo. Lisiwe azimio lako.

Kugeuza mwelekeo wa utafutaji

Tatizo la msingi ni kwamba alimtafutia mtoto kitu cha kutazama. Kwa simu ya inchi sita na watoto 68, kitu cha kutazama hakitafanya kazi: walio mbele wataona, wa katikati watasukumana, wa nyuma wataanza mchezo wao. Alichopaswa kujitafutia ni kitu cha kumsaidia yeye kuandaa. Zana ya mtandaoni inayofaa mazingira haya ni ile ambayo, ikishatoka kwenye simu, haiihitaji simu tena. Kwa kigezo hiki kimoja, mafaili 40 yangebaki matatu au manne kabla ya kupakuliwa.

Kwa hiyo utafutaji uanzie kwenye andalio. Chukua karatasi, andika sentensi moja ya kile mtoto atakachoweza kufanya Ijumaa. Mfano: "Mtoto atasimulia mwanzo, kati na mwisho wa hadithi aliyosomewa." Chini yake andika vitu ulivyonavyo na idadi yake. Ndipo ufungue simu, na utafute kwa Kiswahili, kwa maneno yanayotumika kwenye mtaala: kona za ujifunzaji (sehemu za darasa, kila moja na shughuli yake), zana za awali, michezo ya kuhesabu, hadithi za kusomewa. Ukitaka nyaraka za serikali pekee, ongeza site:go.tz mwishoni mwa maneno yako. Ukitaka faili la kuhifadhi badala ya ukurasa wa matangazo, ongeza filetype:pdf. Ukitafuta maneno mawili yaliyoshikamana, yaweke ndani ya alama za kunukuu, vinginevyo "awali" itakuletea kila kitu kilichowahi kuwa cha mwanzo.

Matokeo ya Kiswahili yatachanganyika na ya Kenya. Kiswahili chake kwa kawaida ni kizuri na shughuli zake nyingi zinafaa, lakini Kenya ina miaka miwili ya awali na sisi tuna mmoja, kwa hiyo mpangilio wa wiki kwa wiki hauhamishiki. Chukua mchezo, acha ratiba.

Mahali pa kuanzia ni Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Maktaba Mtandao ya TET ina vitabu vya kiada na viongozi vya mwalimu vinavyosomwa bila malipo, na kwenye tovuti ya tie.go.tz kuna nyaraka za mtaala. TET pia inaendesha mfumo wa mafunzo kwa njia ya mtandao unaotumika katika MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Mwalimu aliye peke yake shuleni na darasa la awali anausahau mfumo huu kwa urahisi, kwa kuwa mazungumzo mengi ya jumuiya za ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaojifunza pamoja, huelekea madarasa ya juu. Aupiganie. Aombe kipindi kimoja cha jumuiya kiwe cha awali, wakutane na walimu wa awali wa shule jirani.

Kwa hadithi, African Storybook ndiyo tunayoiweka mbele. Ilianzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini, ina hadithi za Kiswahili na za lugha nyingine nyingi za Afrika, na mandhari yake ni mbuzi, visima, bibi na masoko. Faili la hadithi moja ni dogo, kwa kawaida MB chache tu. StoryWeaver ya Pratham Books ya India, iliyoanza 2015, na Global Digital Library nazo zina hadithi za Kiswahili. Tafsiri nyingi hufanywa na watu wa kujitolea, hivyo ubora haulingani. Soma hadithi nzima kwa sauti ukiwa peke yako kabla ya kuihifadhi. Ulimi ukikwama mara tatu, iache.

Shirika la Ubongo la Dar es Salaam ndilo linalotengeneza Akili and Me, kipindi cha watoto wadogo kinachopatikana kwa Kiswahili. Kwa darasa hili tusingeonyesha kipindi chenyewe. Mwalimu akitazame usiku kwa 360p, ajifunze wimbo mmoja na mkao wa mwili wake, kesho yake auimbishe kwa makofi.

Programu za akili mnemba zinaweza kutunga hadithi au wimbo kwa sekunde chache. Kwa rasimu zinasaidia. Lakini nyimbo zake mara nyingi hazina mapigo yanayoimbika, na hadithi zake huwa na watoto wasioishi popote. Kama utaitumia, ipe majina ya vitu vya hapa na urefu unaotaka, sentensi nane kwa mfano, kisha uisahihishe kwa kalamu kama unavyosahihisha daftari.

Hadithi moja, kutoka kwenye simu mpaka mkekani

Hadithi za African Storybook zimepangwa kwa ngazi: maneno ya kwanza, sentensi za kwanza, aya za kwanza, aya ndefu, na za kusomewa. Walimu wa awali huchukua ngazi ya chini kabisa kwa kufikiri kwamba mtoto mdogo anahitaji hadithi nyepesi. Lakini hapa mtoto hasomi, anasikiliza. Uwezo wa mtoto wa miaka mitano wa kuelewa hadithi anayosomewa uko juu sana kuliko uwezo wake wa kusoma. Hadithi yenye neno moja kwa ukurasa haimpi kitu cha kusimulia. Chagua yenye kurasa 8 hadi 12, sentensi moja au mbili kwa ukurasa, na tatizo moja linalotatuliwa.

Angalia leseni mwishoni mwa hadithi. CC BY, mojawapo ya leseni huria za Creative Commons, inakuruhusu kunakili na kubadilisha ilimradi umtaje mtunzi na mchoraji. Ukiona NC, usiuze nakala. Ukiona ND, usibadilishe wala kutafsiri, isome ilivyo. Kama ni CC BY, fanya marekebisho madogo. Hadithi ya Kenya yenye matatu (basi dogo la abiria) iwe na daladala, na neno ambalo watoto wa Igombe hawalisikii nyumbani lipate mwenzake wanayemjua. Usibadilishe kila kitu. Watoto wanahitaji pia maneno mapya, mawili au matatu kwa hadithi, ambayo utayaonyesha kwa kitendo.

Sasa tengeneza kitabu kikubwa. Kwa hadithi ya kurasa 8 unahitaji karatasi tano za manila zilizokatwa katikati: vipande 8 vya kurasa, 2 vya majalada. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 5, ndipo mtoto aliyekaa mita 6 kutoka kwako aone. Ukiandika kwa kimo cha daftari, hicho kitabu ni chako mwenyewe. Mchoro uwe na mistari minene ya maka peni, kitu kimoja au viwili kwa ukurasa. Toboa matundu matatu ubavuni na ushone kwa uzi wa nyavu, unaopatikana kila mwalo na haukatiki. Gundi hutengana joto likipanda.

Ukitaka pia vitabu vidogo vya kona ya hadithi, chapisha kwa mpangilio wa kijitabu. Karatasi moja ya A4 iliyochapwa pande mbili na kukunjwa hutoa kurasa nne za A5, kwa hiyo hadithi ya kurasa 12 pamoja na majalada hutumia karatasi nne. Mwambie wa steshenari ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nusu ya kurasa zitakuwa juu chini. Rangi nyeusi inatosha. Vijitabu sita vinatosha pia, kwa sababu watoto watakaa wawili wawili au watatu watatu.

Jumatatu soma hadithi yote bila kukatiza. Jumanne soma tena na usimame mara tatu tu: kabla ya tatizo ("Mnadhani atafanya nini?"), kwenye tatizo, na baada ya suluhisho. Jumatano watoto waigize. Alhamisi na Ijumaa wasimulie kwenye kona, wakishika kitabu kikubwa wenyewe. Kusoma hadithi mpya kila siku ndilo kosa linaloua usimulizi. Mtoto husimulia vizuri hadithi aliyoisikia mara ya tatu au ya nne.

Watoto kadhaa katika darasa hili wanaongea Kisukuma nyumbani, wengine Kijita au Kikerewe. Mtoto akisimulia mara ya kwanza kwa Kisukuma, mwache amalize. Amekuonyesha kwamba ameielewa. Mwalimu aseme sentensi ileile kwa Kiswahili, mtoto airudie. Ukimkatisha katikati kwa ajili ya lugha, unapoteza ushahidi wa ufahamu na mtoto anajifunza kunyamaza.

Kuhesabu mpaka 9

Zana nyingi za kuhesabu zilizoko mtandaoni ni nyimbo za namba, moja mpaka ishirini, moja mpaka mia. Wimbo unafundisha mpangilio wa majina, na hilo lina nafasi yake, lakini mtoto anaweza kuimba mpaka ishirini na ukimwambia "nipe vizibo vinne" akakushikisha gao zima. Kuna mambo matatu tofauti hapo. La kwanza ni kujua majina kwa mpangilio. La pili ni kugusa kila kitu mara moja kwa jina moja. La tatu ni kujua kwamba jina la mwisho ulilolitamka ndilo idadi ya vitu vyote. Mtoto aliyefika la pili bila la tatu utamtambua hivi: amehesabu vizibo vitano vizuri, ukamwuliza "Ni vingapi?", akaanza kuhesabu upya. Unapopima shughuli uliyoikuta mtandaoni, uliza inajenga lipi kati ya hayo. Kama ni la kwanza peke yake, unayo ya kutosha.

Boksi la vizibo ndilo zana ya wiki. Kona moja ya watoto 14, kila mmoja vizibo 10, ni vizibo 140. Chagua vya plastiki vya chupa za maji, kwani vya soda vina meno yanayokata. Vioshwe kwa sabuni na vianikwe juani. Anza na kazi ya "nipe" kwa 2 na 3, mtoto akiweza mara mbili mfululizo panda hadi 4, kisha 5. Usikimbilie 9 Jumatatu. Mwalimu atamke idadi pamoja na nomino: kizibo kimoja, vizibo viwili, vitatu, vinne, vitano, kisha sita, saba, vinane, tisa. Video zilizotafsiriwa husema "vizibo mbili" na mtoto huchukua kama alivyosikia.

Maelekezo mazuri ya mbali yanayoleta hatari hapa

Sehemu hii tunaisisitiza kuliko zote, kwa sababu ushauri ufuatao uko kwenye tovuti nyingi zinazoaminika na kwao hauna tatizo.

Wanasema: nendeni ufukweni na watoto, mkusanye konokono na makombe ya kuhesabia. Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwenye konokono wa maji baridi na kuingia kupitia ngozi ya mtu aliyeingia majini, na dakika chache za kukanyaga maji ya kina kifupi zinatosha. Gamba kavu lililo mchangani halina vimelea, ila mtoto anayetafuta magamba hataishia mchangani. Ongeza hatari ya kuzama, kwa mwalimu mmoja na watoto 68, na jibu ni hapana. Tumia vizibo, vijiti vilivyokatwa urefu sawa, au kokoto zilizookotwa uwanjani.

Wanasema: wekeni beseni la maji, watoto wacheze kumimina na kupima. Mchezo huu ni mzuri mno kwa kujaa, nusu, zaidi na pungufu. Tumia maji ya bomba au ya kisima salama. Kama maji pekee ni ya ziwani, yachotwe na mtu mzima na yakae kwenye pipa lililofunikwa kwa siku mbili kamili kabla ya kuguswa, maana vimelea vya kichocho havidumu zaidi ya hapo nje ya konokono. Muda huo hauyafanyi kuwa ya kunywa. Beseni limwagwe mara mchezo unapoisha, wala lisiachwe na maji chumbani.

Wanasema: tengenezeni donge la kuchezea kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta na maji kiasi. Linafanya kazi, na likifungwa kwenye mfuko hudumu kama wiki moja. Lakini sehemu ya watoto hawa wamekuja bila kunywa uji. Kuwapa unga wa kuchezea mbele ya tumbo tupu si jambo tunaloweza kulipendekeza. Udongo wa kichuguu uliochekechwa na kukandwa kwa maji safi unafinyangika vizuri na haugharimu kitu. Usichimbwe ukingoni mwa maji.

Wanasema: tumieni shanga, maharage, punje za mahindi. Punje huingia puani na masikioni. Kwa watoto wa miaka mitano zitumike chini ya jicho la mwalimu, kwenye kona moja tu, na zihesabiwe kabla na baada. Kama shule imeruhusu wadogo wa miaka miwili au mitatu kuja na dada zao, jambo la kawaida huku wakati mama yupo mwaloni, chochote chenye upana chini ya sentimita 3.2 kiondolewe mikononi mwao, vizibo vya chupa vikiwemo.

Kwa hao wadogo, zana za skrini ziachwe kabisa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja ya skrini kwa siku nzima, na pungufu ni bora zaidi. Wa chini ya miaka miwili asitazamishwe. Wa miaka mitatu na minne wanahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kujongea mwili kwa siku, na uwanja wa shule unatosha kwa hilo.

Bando, hifadhi na wenzake

Kwa njia hii, wiki moja haihitaji zaidi ya MB 150: utafutaji wa maandishi, mafaili mawili au matatu ya PDF, na video moja ya 360p. Katika mipangilio ya YouTube weka kiokoa data kwa mtandao wa simu, na katika WhatsApp zima upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe. Hatua hiyo ya pili peke yake huokoa sehemu kubwa kwa mtu aliye kwenye makundi matano.

Mafaili yawekwe kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa jina linalosema matumizi: hadithi-mbuzi-kusomewa, kuhesabu-nipe-vizibo. Faili lenye jina la namba ndefu halitafunguliwa tena. Walimu watatu wa shule jirani wagawane: mmoja atafute hadithi, mwingine kuhesabu, wa tatu afya na mazingira, kisha wakutane Ijumaa na kurushiana kwa Bluetooth bila kutumia bando la mtu. Faili lenye mwisho wa apk, yaani programu ya kusakinisha kwenye simu, lisifunguliwe, hata likitoka kwa mkuu wa kundi.

Ufuatiliaji usiwe mtihani. Kwa watoto 68, angalia 14 kwa siku, waliopo kwenye kona uliyoketi, na wote utakuwa umewaona kufikia Ijumaa. Daftari liwe na safu tatu: jina, "nipe" ameishia ngapi, amesimulia mwanzo, kati na mwisho au vipi. Safu hizo ndizo zitakazosema utafute nini Jumamosi inayofuata. Ikiwa watoto 30 wameishia 3, hakuna sababu ya kutafuta zana za kujumlisha.

Kundi la kata likitaka kuona kazi ilivyokwenda, piga picha kitabu kikubwa kikiwa mezani na kona ikiwa tupu, vizibo vimepangwa. Picha za nyuso za watoto zisipandishwe kwenye kundi bila idhini ya mzazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto katika fungu la taarifa nyeti, na picha ikishaingia kwenye kundi la watu 200 hakuna anayeweza kuirudisha. Chini ya picha andika kipimo cha manila, urefu wa herufi, idadi ya vizibo na leseni ya hadithi, ili mwenzako wa Kayenze au Ukerewe aweze kutengeneza cha kwake bila kukupigia simu.